Mtoto anayejifunza kusoma anahitaji msikilizaji

Hapa Lamu, mtoto wa miaka saba hukutana na maandishi ya aina mbili kwa siku moja. Asubuhi yuko shuleni akisoma Kiswahili na Kiingereza kwa herufi za Kirumi, na alasiri yuko chuoni, yaani madrasa, akisoma Qurani kwa herufi za Kiarabu, na wengi huanza chuo hata kabla ya kuandikishwa shule. Wazazi wenzangu wamekuwa wakiniuliza inakuwaje mtoto huyo huyo, anayesoma juzuu yake kwa sauti nzuri bila kusitasita, akwame kwenye kitabu cha hadithi chenye kurasa chache, au akisome chote kisha ashindwe kueleza kilichomo. Ni swali la haki, nami nimelifikiri sana kwa sababu daka letu, ukumbi wa mlangoni mwa nyumba, hujaa watoto jioni na ninawasikia wakisoma. Kwa sehemu kubwa, naona tofauti ni hii: chuoni mtoto ana mtu anayemsikiliza kila siku, kwa wakati ule ule, ilhali kitabu chake cha Kiswahili hukisoma peke yake.

Tutazame jinsi chuo kinavyofanya kazi, maana tumekizoea mno hata hatukioni. Mtoto husogea mbele ya mwalimu kwa zamu, hufungua mahali alipoishia jana, na husoma kwa sauti huku mwalimu akimfuata neno kwa neno. Akikosea hurudishwa, akipatia huendelea, na hapewi somo jipya mpaka la zamani limekaa sawasawa. Hakuna anayeshangaa kwamba aya moja imesomwa mara nyingi, wala hakuna anayemwambia mtoto kwamba somo hilo amekwisha kulisoma. Sasa linganisheni na jioni nyumbani: mzazi humwambia mtoto achukue kitabu akasome, mtoto huenda pembeni, na baada ya muda huulizwa kama amemaliza. Akisema amemaliza, mambo yameishia hapo. Hakuna aliyesikia alichokisoma, na yeye mwenyewe anajua kwamba hakuna aliyesikia.

Najua kwamba chuo na kitabu cha hadithi havina lengo moja. Chuoni mtoto kwanza hufundishwa kutamka kwa usahihi, na maana huja baadaye kwenye darsa, kwa kuwa Kiarabu si lugha ya nyumbani kwake. Kitabu cha Kiswahili kinapaswa kumpa maana palepale. Kwa hiyo sisemi tuhamishe kila kitu. Nasema tuchukue saa iliyowekwa na sikio lililo tayari, kisha tuongeze mazungumzo juu ya kilichosomwa.

Mazungumzo hayo yana sababu yake, nayo inatokana na namna Kiswahili kinavyoandikwa. Herufi zetu zimenyooka. Irabu ni tano, kila moja ina sauti yake isiyobadilika, na mtoto akishajua ba, be, bi, bo, bu na wenzake, anaweza kutamka takriban neno lolote atakalowekewa mbele. Yapo machache ya kumtatiza, kama tofauti ya ng' ya ng'ombe na ng ya ngoma, lakini dh, th na gh, ambazo huwasumbua watoto wengi wa bara, watoto wetu huzitamka bila shida kwa kuwa chuo kimewazoesha. Mtoto wa Uingereza huhitaji miaka zaidi kufika hapo, kwani Kiingereza huandikwa namna moja na kutamkwa namna nyingine. Wepesi huu ni neema, na papo hapo ni mtego. Mtoto wetu anaweza kusikika kama msomaji hodari wakati bado hajaanza kuelewa, na mzazi anayesikia sauti tu hawezi kugundua.

Mwaka 1986 wataalamu wawili, Philip Gough na William Tunmer, walilieleza jambo hili kwa namna rahisi ambayo inatumika mpaka leo. Walisema kwamba kuelewa maandishi ni zao la mambo mawili, uwezo wa kuyatambua maneno yaliyoandikwa na uwezo wa kuielewa lugha yenyewe, na kwamba mawili hayo huzidishwa, hayajumlishwi. Kimoja kikiwa sufuri, jibu ni sufuri, hata kingine kiwe kikubwa namna gani. Mtoto wa Lamu ambaye Kiswahili ni lugha ya mama yake na ya bibi yake anacho kile cha pili kwa wingi tangu anapoingia shule. Kazi iliyobaki ni kuviunganisha, na kuunganisha huko hakutokei penyewe.

Jioni moja mtoto wa kaka yangu, ambaye baba yake ni nahodha wa mashua, alinisomea sentensi hii: "Wavuvi walipotweka tanga, upepo wa kusi ulikuwa umeanza kuvuma." Aliisoma bila kosa hata moja, silabi baada ya silabi, wa-li-po-twe-ka, kidole kikitembea chini ya mstari. Nikamwuliza, "Wavuvi walifanya nini?" Akanitazama, akautazama ukurasa, akajibu, "Walivua samaki." Alikuwa amelishika neno la kwanza na kukisia yaliyobaki. Sikumsahihisha. Nilimwomba asome tena maneno matatu ya mwanzo tu. Mara ya pili bado alikuwa akikatakata; mara ya tatu neno likatoka zima, naye akainua kichwa kwa mshangao: "Walitweka tanga! Kama baba anavyotweka, shangazi!" Kisha akanieleza, bila kuulizwa, nani hushika kamba na nani hukaa kwenye usukani.

Mtoto huyo aliyajua matanga kuliko mimi. Alichokosa ni nafasi akilini. Anayeunga silabi tano kwa shida hutumia nguvu zake zote katika kuunga, na akifika kwenye silabi ya mwisho ile ya kwanza imekwisha kumtoka. Ndiyo maana kusoma mara ya pili na ya tatu si adhabu wala kupoteza wakati. Mara ya kwanza macho hufanya kazi, mara ya pili ulimi hulegea, na ya tatu ndipo akili hupata nafasi ya kujiuliza maandishi yanasema nini. Mtafiti wa Marekani S. Jay Samuels aliandika mwaka 1979 juu ya njia ya kumrudisha mtoto kwenye kifungu kile kile kifupi mpaka akisome kwa wepesi, na walimu wa nchi nyingi wameifuata tangu hapo. Walimu wetu wa chuo walikuwa wakifanya hivyo zamani zaidi.

Maneno marefu ya Kiswahili yanastahili kuangaliwa peke yake, kwa kuwa hapo ndipo watoto wengi wa Gredi ya 2 na ya 3 hukwama. Kitenzi chetu kimoja hubeba kile ambacho Kiingereza hukisema kwa maneno manne au matano. Hata vipimo vya kitaifa vimelizingatia hilo: mpango wa Tusome wa kuwafundisha watoto kusoma, uliofika katika shule za msingi za umma nchini kote mwaka 2015, ulihesabu mtoto kuwa anasoma kwa ufasaha akifikisha maneno 45 kwa dakika kwa Kiswahili, na 65 kwa Kiingereza. Mzazi asiyejua haya anaweza kudhani kwamba mtoto wake ni mzito wa Kiswahili na mwepesi wa Kiingereza, kumbe maneno yenyewe hayalingani kwa urefu. Kinachomsaidia mtoto ni kuacha kuona mlolongo wa silabi na kuanza kuona vipande vyenye maana. Katika "tutakapofika" kuna sisi, kuna wakati ujao, kuna "wakati wa", na kuna kufika. Mtoto anayezungumza Kiswahili anavijua vipande hivyo vyote kwa masikio. Anahitaji tu kuonyeshwa kwamba macho nayo yanaweza kuvishika kwa mkupuo. Sisi hucheza kwa maneno matupu, bila kitabu, tunapokuna nazi au kuchambua mchele. Mimi husema "anasoma", mmoja hujibu "alisoma", mwingine "atasoma", wa nne "amesoma", kisha tunaongeza: "alinisomea", "aliponisomea", "hakunisomea". Baada ya hapo nayaandika machache kwa chaki sakafuni, nao huyaona kama jamaa wa ukoo mmoja.

Namna ya kusikiliza ni jambo la kujifunza, na ningependa kulisema kwa urefu kwa sababu nia njema ya wazazi mara nyingi huharibu hapa. Mtoto akikwama, tunamrukia na kumtajia neno kabla hajavuta pumzi. Tukifanya hivyo, tunamfunza kwamba akikaa kimya neno litaletwa. Afadhali kusubiri kidogo, kimya, bila kumkazia macho. Akiendelea kukwama, mrudishe mwanzo wa sentensi, maana mara nyingi mwendo wa sentensi humpa neno lenyewe. Asipolipata, mtajie bila lawama na aendelee. Akikosea neno lisilobadilisha maana, mwache amalize sentensi kwanza. Na mtoto asisomeshwe kwa fimbo wala kitabu kisifanywe adhabu ya utundu, kwa kuwa mtoto aliyeambiwa "kaa hapo usome kwa vile umekosa" ameambiwa pia kwamba kusoma ni jambo la kukimbiwa.

Kuna kosa moja ambalo huku kwetu huhesabiwa kuwa kosa na kwa maoni yangu si kosa. Mtoto anaona "njia" kitabuni naye anasoma "ndia". Anaona "maji" anasoma "mai". Anaona "macho" anasoma "mato". Mtu asiyekijua Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, atasema mtoto huyu hajui herufi. Ukweli ni kwamba ameliona neno, amelielewa, na amelitamka kwa ulimi wa mama yake, jambo ambalo asingeweza kulifanya kama angekuwa anaunga silabi tu bila maana. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja na kuwekewa taratibu na kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930, na watoto wetu lazima wakijue ili wafanye mitihani na waandike barua zitakazosomwa Kisumu na Dodoma. Tuwafundishe hivyo kwa upole: "Umelifahamu, vizuri, kitabuni limeandikwa njia, hebu lisome kama lilivyoandikwa." Asikilizaye namna hiyo hamwaibishi mtoto kwa lugha ya nyumba yake.

Wazazi kadhaa wameniambia kwamba haya ni ya mwenye elimu, kwamba wao wenyewe hawakusoma vya kutosha. Siafikiani nao. Msikilizaji hahitaji kujua kusoma. Bibi anaweza kukaa kitako, akamsikiliza mjukuu akisoma hadithi ya sungura na fisi, akauliza, "Ehe, na kisha fisi akasema nini?" Mtoto atalazimika kurudi ukurasani kutafuta fisi alichosema, na huko kutafuta ndiko kusoma kwenyewe. Tena wako bibi zetu wengi wanaoitwa wasiosoma, na hali wanasoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, maandishi yaliyotumika visiwani humu kwa karne nyingi kabla ya herufi za Kirumi. Mwana Kupona binti Mshamu, alipomtungia binti yake utendi mwaka 1858, alianza kwa kumwita akae karibu naye na kutwaa wino na karatasi. Urithi huo wa mtu mzima na mtoto kukaa pamoja juu ya maandishi ni wetu, hatuuazimi kokote.

Juu ya maswali, ninayo machache ninayoyarudia: nini kilitokea, kwa nini unadhani alifanya hivyo, ungekuwa wewe ungefanya nini, unadhani nini kitafuata. La mwisho liulizwe kabla ya kufungua ukurasa unaofuata, ili mtoto asome kwa hamu ya kujua kama amepatia. Kitu kingine ambacho watoto hawakichoki ni vitendawili vilivyoandikwa kwenye vikaratasi, fumbo mbele na jibu nyuma. Mtoto husema "Kitendawili!", sisi wote hujibu "Tega!", naye husoma kwa sauti "Nyumba yangu haina mlango", na ni yeye pekee aonaye kwamba nyuma pameandikwa yai. Mtoto anayekataa kusoma hadithi ya ukurasa mzima atasoma vikaratasi kadhaa bila kuombwa, kwa kuwa wakubwa wanasubiri kutoka kinywani mwake kitu wasichokijua.

Sasa saa. Watoto wetu wanachoka: wana shule, wana chuo, na katikati wanatumwa dukani. Kudai saa nzima ya kusoma ni kudai jambo litakalodumu wiki moja. Dakika kumi hadi kumi na tano zinatosha kwa mtoto wa Gredi za chini, mradi zisikose. Katika nyumba nyingi ninazozijua wakati unaofaa ni baina ya Magharibi na Isha kwa wasiokuwa na chuo cha usiku, au mara baada ya Isha kabla ya chakula, na simu za wakubwa ziwe zimewekwa kando kwa muda huo. Ramadhani ratiba hubadilika, na usomaji uhame nayo, uende alasiri wakati watoto wanangojea futari. Baba akiwa baharini, kaka wa Gredi ya 6 anaweza kuwa msikilizaji wa mdogo wake, na nimeona kwamba kaka huyo naye huimarika, kwani huwezi kumsahihisha mtu kwa neno usilolitazama.

Vitabu ni tatizo la kweli. Nyumba nyingi hazina kitabu cha watoto isipokuwa vile vya shule, na vile vya shule huchosha haraka. Ngome yetu, iliyokuwa gereza hadi mwaka 1984, leo ina maktaba ndani yake, na mtoto anapaswa kupelekwa hapo angalau aone kwamba kuna chumba kilichotengwa kwa ajili ya vitabu. Jirani zetu wa Garissa wamekuwa wakipelekewa vitabu kwa ngamia na maktaba ya taifa tangu mwaka 1996, ili viwafikie watoto wa wafugaji wanaohamahama, na huwa nikiwaza juu ya vijiji vya visiwa vyetu kama Kizingitini, Siyu na Kipungani, ambako mashua hufika na mizigo ya kila aina. Kwa mwenye simu, tovuti ya African Storybook, iliyozinduliwa mwaka 2014 na shirika la Saide la Afrika Kusini, ina hadithi nyingi za Kiswahili zilizopangwa kwa viwango, na ni ruhusa kuzipakua na kuzichapisha bila malipo. Mimi hupendelea kuzichapisha, nikazikunja na kuzishona kwa uzi kuwa vijitabu, kwa kuwa mtoto hushughulika na karatasi kwa namna ambayo hashughuliki na kioo cha simu: hurudi nyuma, hulinganisha picha, hukihifadhi chini ya mto.

Pasipo kitabu kuna mji. Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, umejaa majina ya maduka na matangazo ukutani, na pwani mashua na majahazi yameandikwa majina yao ubavuni na kwenye tezi. Mtoto anayejifunza herufi akipewa kazi ya kusoma jina la kila chombo kilichofunga gatini, atarudi nyumbani amesoma zaidi ya ukurasa mmoja. Pakiti ya unga, risiti, karatasi ya dawa, orodha ya vitu vya dukani aliyoandikiwa badala ya kutajiwa kwa mdomo, vyote ni maandishi yenye kazi, na mtoto huheshimu maandishi anapoona yana kazi. Aruhusiwe pia kuchagua mwenyewe. Akitaka kijitabu kile kile cha kobe kwa mara ya kumi, apewe.

Mambo hubadilika afikapo Gredi ya 4. Hadi hapo mtoto alikuwa akijifunza kusoma, na kuanzia hapo anatakiwa asome ili ajifunze sayansi na maarifa ya jamii, na mengi kati ya hayo yako kwa Kiingereza, lugha ambayo wengi wao hawaizungumzi nyumbani. Aliyefika hapo bila kuzoea kutafuta maana kwa Kiswahili atapata taabu maradufu, kwa sababu desturi ya kujiuliza "hapa wanasema nini?" hujengwa kwanza katika lugha anayoielewa, kisha huvuka nayo. Kwa umri huo usomaji wa sauti hupungua wenyewe na wa kimya huanza, na wazazi wengi hudhani kwamba kazi yao imekwisha. Haijakwisha, imebadilika sura. Kijana asiyetaka tena hadithi za wanyama apewe habari za mpira, apewe maelekezo ya injini ya boti ambayo yeye na ami yake wanaifungua kila mara, apewe habari za miji mingine ya pwani na watu wake. Jioni aulizwe alichokisoma, na aachwe aeleze mpaka mwisho hata kama ni habari ya timu ambayo msikilizaji haijui, na pale anapotatanika aambiwe alete kitabu au gazeti lenyewe, watazame pamoja mahali hapo.